Ekzosi Tatu za Bi Bendeji

Ekzosi ilianguka saa mbili kasoro robo asubuhi, mbele ya duka la rangi, pale pale mlima unapoanza. Kwanza skuta ilikohoa, kisha ikapiga ukelele kama mbuzi aliyekanyagwa, kisha kipande cha chuma kikaanza kuburuzwa nyuma kwenye lami kikitoa cheche. Watoto waliokuwa wakienda shule wakashangilia. Mwenye duka la rangi akatoka na mswaki mdomoni, akatazama, akarudi ndani.

Mwenye skuta alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na miwili, muuguzi. Kazi yake ilikuwa kusafisha vidonda vya watu majumbani mwao: waliopasuliwa na kuruhusiwa mapema, wenye sukari waliokatwa vidole vya miguu, wazee waliolala kitanda kimoja mpaka ngozi ikakata tamaa. Nyumba tisa kwa siku, mara nyingine kumi. Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Kwa wakubwa na wadogo alikuwa Bi Bendeji.

Siku ile hakuwa na nguvu hata ya kukasirika. Alikaa kwenye ukingo wa mtaro, akasubiri bomba lipoe, kisha akafungua mkoba na kutoa bendeji mbili za kuvutika. Akaifunga ile ekzosi mahali pake kama anavyofunga kifundo cha mguu kilichoteguka: mizunguko miwili chini, miwili juu, msalaba katikati. Akawasha. Kabla hajafika nusu ya mlima bendeji ilikuwa inafuka moshi, na nyumba ya kwanza aliingia akinuka kama shati lililosahauliwa chini ya pasi. Mgonjwa wake wa kwanza, bibi mmoja asiyesikia vizuri, alimnusa, akamtazama kwa huruma, akamuuliza kama nyumbani kwake kuna msiba wa moto.

Jioni akaisukuma skuta hadi kwa shemeji yake, mume wa mdogo wake, aliyekuwa na gereji ya skuta na pikipiki nyuma ya stendi. Shemeji akaifungua bendeji iliyoungua kwa ncha za vidole.

"Hii haikuanguka," akasema. "Hii imejiuzulu. Imeandika barua kabisa."

"Nifungie nyingine niende nyumbani."

Lakini ya kiwandani ilikuwa haipatikani tena. Skuta yenyewe ilikuwa ya zamani mno, hata walioitengeneza nadhani walishaisahau. Zilizokuwapo ni zile ambazo vijana hufunga ili skuta ipate mbio zaidi, na shemeji alikuwa nazo tatu. Akazipanga juu ya gunia, akaanza kuzisifu kama mshenga anayejua kwamba binti si wake.

Ya kwanza ilikuwa fupi, nene, nyeusi, mdomo wake mpana kama kikombe. "Hii ya mashindano. Inaipa injini pumzi. Ukipita, mtaa mzima unajua umepita."

"Mimi sitaki mtaa ujue nimepita. Nataka nipite."

Ya pili ilikuwa ndefu na nyembamba, ya chuma kisichoshika kutu. Hiyo shemeji aliisifu kidogo tu. Alisema vijana wanaikataa kwa sababu inalia kama feni. Ya tatu ilikuwa ya rangi ya majivu, na mdomoni ina kizibo: ukikitia inanyamaza, ukikitoa inanguruma.

"Hiyo ni mbili ndani ya moja," akasema shemeji.

"Nawajua watu wa namna hiyo," akajibu Bi Bendeji. "Shemeji, nimechoka. Chagua wewe."

"Sichagui ng'o. Nilikuchagulia tairi ukanilaumu. Nilikuchagulia breki ukanilaumu mpaka kwa mke wangu. Chukua moja kila wiki, ujaribu mwenyewe. Safari hii ukimtafuta wa kulaumu, ujitazame kwenye kioo."

Basi akaondoka na ile nyeusi, si kwa kuipenda, bali kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu na spana.

Na kweli alikuwa amechoka, si uchovu wa siku moja. Magoti yake yalikuwa yamekwisha kwa kupiga magoti kando ya vitanda vifupi. Usiku alikuwa akikaa mezani kula, akashtuka baadaye kijiko kikiwa mkononi na chakula kimepoa. Binti yake, aliyeolewa mbali, alipiga simu kila Jumapili: "Mama, acha kazi hiyo." Naye alijibu, "Mwaka huu ndio wa mwisho." Huo ulikuwa mwaka wa nne wa mwisho.

Ile ekzosi nyeusi iliwagawa wagonjwa wake siku ya kwanza tu. Kwenye nyumba yenye mtoto mchanga, baba wa mtoto alimpokea mlangoni kidole kikiwa mdomoni, akamwomba kwa upole wa mtu anayetaka kupiga mtu kwamba kesho aiache skuta barabara kuu. Yule bibi asiyesikia vizuri naye alifurahi, akampigia makofi. "Leo ndiyo umekuja," akasema. "Siku zote huwa unanitokea tu kitandani kama mzimu."

Nyumba ya sita ilikuwa juu ya mlima, karibu na tangi la maji. Humo alikuwamo Fundi Mluzi.

Zamani mtu huyu alikuwa akitengeneza ekzosi kwa mikono yake. Vijana walikuja kutoka mbali kumtafuta, kwa maana bomba alilolikunja yeye lilikuwa na mluzi mwembamba chini ya mngurumo, na skuta iliyofungwa bomba hilo ilipanda mlima kama imeitwa juu. Miaka mitatu iliyopita alipanda ngazi kutundika kibao kipya mbele ya karakana yake. Ngazi ikateleza. Hakuumia mkono, hakuumia kichwa. Uti wa mgongo tu. Tangu siku hiyo miguu yake ilikuwa mizigo ya mtu mwingine.

Alilazwa chumba cha mbele, kitanda kikiwa chini ya dirisha linalotazama uchochoro. Miguuni pa kitanda kulikuwa na cherehani ya mkewe, aliyeshona sare za shule, na sakafu yote ilijaa vipande vya kitambaa cha buluu. Juu ya nyonga ya kulia ya Fundi kulikuwa na kidonda kipana kama kiganja. Dawa yake ilijulikana: ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, asilalie upande ule. Lakini Fundi hakutaka kugeuzwa. Alilala vile vile, akitazama ukuta, na kwa muda wa mwaka mzima Bi Bendeji hakupata kutoka kwake zaidi ya maneno matatu: "Fanya kazi yako."

Siku hiyo alipozima skuta na kuingia, alisikia sauti asiyoizoea.

"Nani aliyekufungia debe hilo?"

Bi Bendeji alidhani anaambiwa mkewe, yule mshonaji. Akaendelea kuvaa glovu.

"Wewe muuguzi. Hilo bomba. Nani?"

"Shemeji yangu."

"Mwambie shemeji yako debe tupu haliachi kuvuma. Injini haipati nguvu kwa kupiga kelele. Limefupishwa shingo, halina kitu ndani. Ukiondoka kutoka kusimama, linakuvuta?"

Bi Bendeji akafikiri. "Hapana. Linasitasita kwanza, kisha linaruka."

"Si unaona!"

Alichokiona yeye kilikuwa kingine. Fundi alikuwa ameshika nondo za dirisha kwa mkono wa kulia ili asikie vizuri, na kwa kushika huko alikuwa amejigeuza mwenyewe, akalalia ubavu wa kushoto, ubavu ule ule alioombwa alalie kwa miezi. Kidonda kilikuwa juu, hewani. Mke wake naye alikuwa ameona. Cherehani ilikuwa imenyamaza.

Muuguzi aliyekula chumvi hospitali miaka thelathini hamsifu mgonjwa wa namna hiyo, ukimsifu anajirudisha. Alisafisha kidonda, akapanga vitambaa vya gozi, akafunga.

"Nenda kaiwashe tena," akasema Fundi. "Polepole kwanza, nisikilize."

"Nitaiwasha. Lakini na wewe ubaki hivyo ulivyo mpaka mkeo amalize sare anayoishona."

Fundi akamtazama kwa jicho la pembeni. "Wewe mama ni mjanja."

"Mimi mama nimechoka. Unabaki au hubaki?"

Akabaki.

Tangu hapo jambo likawa na mizizi. Fundi alitaka hesabu. Sauti peke yake haitoshi, alisema. Anataka kujua skuta inachukua sekunde ngapi kutoka duka la rangi hadi kwenye tangi, mara moja na mkoba, mara moja bila mkoba. Bi Bendeji akamwambia ana nyumba tisa, hana nafasi ya michezo ya watoto.

"Mlima huo unaupanda ama huupandi?"

"Naupanda."

"Basi si unahesabu tu."

Akawa anahesabu. Ile saa ndogo aliyoibandika kifuani ya kupimia mapigo ya moyo, sasa ilipima mlima. Ekzosi nyeusi: sekunde arobaini na tatu na mkoba, na petroli iliyokuwa ikimtosha siku tatu ikaisha siku ya pili, kwa kuikaza kila iliposita. Fundi akataka kuona plagi ya injini. Shemeji akaifungua, na Bi Bendeji akaileta imeviringishwa kwenye gozi kama kipande cha nyama cha kupelekwa maabara. Ilikuwa nyeupe kama chokaa.

"Unaona?" akasema Fundi, akiishika kwenye mwanga. "Injini inakula hewa, mafuta haipati. Kijana anaona anakimbia. Miezi sita, pistoni imekwisha."

Mkewe aliandika zile hesabu kwa chaki ya kushonea kwenye kipande cha kitambaa cha buluu kilichobaki, akakitundika ukutani kwa pini. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, wa mtu aliyezoea kuchora kola.

Wiki ya pili ikaja ekzosi nyembamba. Baba wa mtoto mchanga alimshukuru. Bibi asiyesikia alinuna. Mlima: sekunde arobaini na sita, lakini skuta iliondoka laini, bila kusita, na plagi ikatoka na rangi ya kahawia kama chai ya maziwa. Fundi aliisikiliza macho yamefumbwa.

"Hii ina adabu," akasema. "Imebanwa ndani tu. Mtu aliyeitengeneza aliogopa."

Kidonda nacho kilikuwa kimebadilika. Ile harufu ilikuwa imekwisha, na pembezoni mwake kulikuwa na nyama mpya, nyekundu, safi. Bi Bendeji alishindwa kujizuia.

"Njoo uone," akamwita mshonaji. "Kinaziba. Na njoo uandike arobaini na sita."

Mshonaji hakuja. "Andika mwenyewe," akasema, akatoka nje.

Bi Bendeji akavua glovu, akamfuata. Alimkuta kwenye ngazi ya mlango, mikono mapajani, futi ya kushonea ikiwa shingoni.

"Nimekukosea?"

"Hujanikosea, dada." Akaivuta ile futi. "Miaka mitatu, dada. Miaka mitatu nimemwomba mtu huyu ageuke. Nimeomba kwa mdomo, nimeomba kwa machozi, nimeomba nikiwa nimepiga magoti kwenye mkojo. Akanijibu nini? Niache nife. Leo anageuka kwa ajili ya bomba. Bomba la moshi!"

Bi Bendeji angeweza kusema neno ambalo wauguzi hulisema, kwamba wagonjwa ndivyo walivyo. Akaliacha. Akaketi kando yake, kwa kuwa magoti yalikuwa yanamuuma.

"Na usiku?" akauliza. "Usiku anageuka?"

Mshonaji akacheka bila furaha. "Usiku bomba halipo. Usiku nipo mimi. Saa nne namgeuza, saa sita namgeuza, saa nane, saa kumi. Kila nikimgusa ananitukana. Mchana ninyi mnamwona anacheka. Sijalala usingizi wa kuota ndoto tangu ile ngazi ilipoteleza."

Nyumba ya saba ilikuwa inasubiri. Bi Bendeji akanyanyuka, akaondoka, na siku yote iliyobaki hakuhesabu sekunde.

Wiki ya tatu akafungiwa ile ya majivu yenye kizibo. Siku ya kwanza ilimuunguza muundi wa mguu, alama ya urefu wa kidole, naye akalazimika kujifunga bendeji mwenyewe kando ya barabara, jambo lililowapa watoto wa shule furaha ya pili. Kizibo kikiwa ndani: sekunde arobaini na tisa. Kizibo kikiwa nje: arobaini na mbili, na mbwa wawili wakimfukuza.

Fundi alikuwa anamngoja. Alikuwa ameshajigeuza, ameshika nondo, macho yanang'aa. Mkewe alikuwa sokoni kununua uzi.

"Haya, sema. Na kizibo ngapi, bila kizibo ngapi?"

Bi Bendeji akaweka mkoba chini. "Leo sisemi hesabu mpaka niseme jambo langu. Mkeo ndiye anayekugeuza usiku."

"Hilo najua."

"Na unamtukana."

Fundi akaachia nondo.

"Wewe ukinigeuza," akasema, "ni kazi yako. Umelipwa, unaondoka. Yeye akinigeuza..." Akashika tena nondo. "Nasikia pumzi yake. Mwanamke yule ana mwili mdogo. Nasikia anavyojikaza. Mimi ndiye niliyekuwa nikimnyanyua juu ya skuta kwa mkono mmoja. Sasa nikimsikia anahema, natamani aache tu."

"Mwambie hivyo hivyo."

"Siwezi."

"Huwezi?"

"Siwezi, mama. Nimejaribu."

"Basi nyamaza. Ukishindwa kushukuru, usitukane. Ziba mdomo kwa kile kizibo nilicho nacho hapo nje."

Hakucheka. Wala hakukasirika. Alimwacha afanye kazi yake, na hesabu hakuziuliza tena siku ile.

Kesho yake mshonaji alimpokea uchochoroni, kabla hajazima skuta. Macho yalikuwa yamemvimba.

"Umemwambia nini mume wangu?"

"Kwani amefanya nini?"

"Amenyamaza. Usiku kucha. Saa nne nikamgeuza, kimya. Saa sita kimya. Saa nane nikaweka mkono puani mwake, nilidhani amekufa! Akaniambia, 'Nipo.' Basi. 'Nipo.'" Akajifuta uso kwa ncha ya futi. "Sijui nicheke au nilie. Kimya chake nacho kimeninyima usingizi."

Wiki ile ile Fundi akataka kumwona shemeji. Hakutaka simu, simu, alisema, haina masikio. Shemeji akaja Ijumaa mchana na ekzosi mbili kwapani, akijiandaa kuuza. Alikaa kwenye kiti cha cherehani kwa muda wa saa mbili, na hakuuza kitu. Fundi alimwomba ailete ile nyembamba kitandani, juu ya taulo. Akaingiza vidole mdomoni mwake, akapapasa ndani kama mtu anayetafuta mwiba.

"Kibomba cha ndani kina matundu madogo. Madogo, na machache. Yatoboe, uyapanue. Si yote! Safu mbili za mwisho tu. Shingo usiiguse. Ukigusa shingo nitajua, hata ukiwa stendi kule."

"Itapiga kelele hiyo, Fundi."

"Itapiga mluzi. Wewe mluzi na kelele huvijui tofauti? Hilo debe jeusi ulilompa mama wa watu ulilipenda kwa kitu gani?"

"Watu wanalitaka!"

"Watu wanataka vitu vingi."

Wakabishana hivyo mpaka kikohozi kikamkatisha Fundi, na shemeji, bila kuombwa, akamwinulia mto. Bi Bendeji alikuwa mlangoni. Akaona hapo kuna mtu wa kazi. Akamwita shemeji, akamfundisha kugeuza: mkono mmoja begani, mmoja nyongani, usivute ngozi, mwili uende wote pamoja.

"Kama unavyolaza skuta ubavu isimwage petroli," akasema shemeji.

"Kama hivyo."

"Ninyi wawili," akasema Fundi akiwa mikononi mwao, "msiniangushe. Tangi limejaa."

Ndiyo mara ya kwanza Bi Bendeji kumsikia akitania. Nje, cherehani ikiwa imehamishiwa kibarazani, ilisita kidogo, kisha ikaendelea.

Jumatatu ile ekzosi nyembamba ilikuwa tayari. Ilipanda mlima kwa sekunde thelathini na tisa na mkoba, bila kusita, bila moto mguuni, na chini ya mngurumo wake mdogo kulikuwa na uzi wa sauti mwembamba, kama mtu anayepiga mluzi akiwa amefunga midomo. Mtoto mchanga hakuamka. Bibi asiyesikia alisema anasikia kitu lakini hajui ni nini. Fundi alisikiliza mara tatu, kisha akageuza uso kwenye mto na kukaa hivyo.

Shemeji aliiacha ile nyeusi ikae gerejini, akatoboa nyingine nyembamba tatu kwa maelekezo ya Fundi, na kila Jumamosi akawa anakuja kuketi naye. Walibishana sana. Kidonda hakikuziba chote mwaka ule, nisije nikatia chumvi. Lakini kilitoka upana wa kiganja kikawa kama kifuniko cha chupa, kikabaki safi. Siku nyingine Fundi alirudia kutazama ukuta, akakataa watu wote, na muuguzi akaambiwa tena, "Fanya kazi yako." Usiku alinyamaza. Zaidi ya "nipo" mkewe hakupata, ila usiku mmoja alisema, "Pole," na mshonaji, aliyekuwa amesinzia wima, hakuwa na hakika kama ameota.

Jumamosi ya kwanza shemeji alipokubali kubaki mpaka jioni, Bi Bendeji alikuwa na nyumba nne tu. Alipomaliza nyumba ya Fundi akamwita mshonaji kando, akampa ufunguo.

"Wa nini?"

"Wa kwangu. Nyumba ya tatu kutoka kwenye banda la fundi viatu, mlango wa kijani. Nenda ukalale."

"Dada, nina sare kumi na mbili za kumaliza."

"Watoto hawaendi shule Jumapili."

"Na yeye?"

Bi Bendeji akaelekeza kidevu dirishani. Ndani, shemeji alikuwa akisema kwa sauti kwamba chuma chembamba kinapasuka kwa mtetemo, na Fundi alikuwa akimwita mtoto wa juzi.

"Wana maneno mpaka magharibi, na saa mbili zikitimia shemeji atamgeuza. Amejifunza. Wewe nenda. Shuka ni safi. Usifagie, usioshe chombo. Ukiniambia umefagia sitakuja tena hapa."

Mshonaji alisimama na ufunguo kiganjani kama mtu aliyepewa kitu asichojua kinashikwaje. Kisha akaenda, futi bado shingoni, akitembea upesi, akageuka mara mbili kutazama nyuma.

Muuguzi akamaliza nyumba zake tatu zilizobaki. Ya mwisho ilimchelewesha. Mzee mmoja alikuwa amefungua bendeji ili aone kama mguu bado upo. Alifika kwake saa kumi alasiri, miguu imevimba, mgongo hauna utii. Alizima skuta mbali kidogo, akaisukuma hatua za mwisho.

Mlango ulikuwa umeegeshwa tu. Chombo kilikuwa hakijaoshwa, sakafu haijafagiwa. Mshonaji alikuwa kitandani, amelala mshazari kutoka pembe hadi pembe, mdomo wazi, mkono mmoja ukining'inia, akikoroma kwa sauti nzito isiyolingana na mwili wake. Hakukuwa na nafasi ya mtu wa pili, hata ya paka.

Bi Bendeji alisimama mlangoni, mkoba begani. Alifikiri kumwamsha, alifikiri kupika. Akatua mkoba. Akavuta pazia ili jua lisimpige mgeni wake usoni, akatoa blanketi sandukuni, akalitandika sakafuni kando ya kitanda, akajilaza na gauni lake la kazi. Baridi ya sakafu ilimpenya kiunoni, ikamtoka. Juu yake mwanamke yule alivuta pumzi, akazishusha, na kabla Bi Bendeji hajapata mto wa kuweka chini ya kichwa, naye usingizi ulikuwa umemchukua.